Usisubiri Kanvasi, Jifunze Tabia ya Ulichonacho

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kuchora huanza na swali lile lile: kanvasi nzuri, kile kitambaa cha kuchorea, inapatikana wapi, na bei gani? Nawaelewa. Mimi mwenyewe nilikaa miaka miwili nikichora kwenye daftari tu, nikidunduliza hela ya kanvasi, na kila nikikaribia, kodi ya chumba inazimeza. Miaka ile inaniuma mpaka leo.

Nikisikia swali hilo humkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Alitoka Tunduru kuja Dar es Salaam kutafuta riziki, na alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia hadibodi za ujenzi, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Hadibodi ya futi nne kwa nane ukiikata unapata vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, na picha zake nyingi ni za mraba wa namna hiyo. Rangi ile inang'aa, na si rahisi kuichanganya ukiwa umeshaipaka. Basi chui wake akasimama peke yake, madoa yamekolea, nyuma yake rangi moja tupu. Alifariki mwaka 1972, hajamaliza hata miaka mitano ya kuchora, na hadi leo Oysterbay wapo mafundi wanaokula kwa njia aliyoifungua.

Lakini kuchukua cha karibu si kukichukua kiholela. Hapa niliumia. Picha yangu ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya mitumbwi, kwenye hadibodi, na niliipaka rangi mkono wa pili, yaani tabaka la pili, kabla wa kwanza haujakauka ndani. Juu palionekana pakavu. Nikaifunga kwa gazeti, mteja akaondoka nayo. Wiki moja baadaye akairudisha: anga yote ilikuwa imenasa maandishi ya gazeti na rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa. Nilimrudishia pesa zake, na nilikuwa nimeshakula nusu.

Tangu hapo napiga msasa kwanza, nafuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, napaka rangi ya msingi nyembamba, kisha nasubiri. Masika nasubiri hata wiki mbili. Na kama ni kitambaa cha amerikani, usikipake rangi ya mafuta kikiwa kitupu, itakila nyuzi. Kipake kwanza rangi nyeupe ya maji, mara mbili.

Mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, angeweza kununua kanvasi yoyote anayoitaka. Anachora kwenye lubugo, gome la mti wa mutuba ambalo Waganda wa Uganda huligonga kwa nyundo za mbao mpaka likawa nguo, nguo ambayo pia huzikia wafu wao. Lina matundu, lina mishono. Yeye hayafichi, tundu linaachwa katikati ya picha, na mchoro unalizunguka. Zitazame picha zake polepole, hata kwenye simu, ufuate mshono unakokwenda.

Kwa seremala wa mtaani kwako hakukosi vipande. Hiki kilichoegemea ukuta wangu sasa kilikuwa mgongo wa kabati la marehemu mama. Kina alama ya maji upande wa chini, mstari wa kahawia uliopinda, na nimeuacha uwe ufuko. Mkono wa kwanza nimepaka Jumatatu. Mvua inanyesha, bado sijakigusa.