Smuthi ya nanasi iliyoniaibisha mbele ya wifi

Jumapili iliyopita wifi yangu alikuja kututembelea. Saa moja asubuhi nilishasaga nanasi la Kiwangwa na maziwa, tangawizi kidogo, jagi likaingia kwenye friji. Mgeni akafika saa saba. Akapiga funda moja, akaweka glasi chini taratibu, akauliza, "Wifi, hii ni dawa ya minyoo?" Mume wangu akacheka. Sijamsamehe mpaka leo.

Kosa nililijua baadaye. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kinachoitwa bromeleini, na kazi yake ni kuvunjavunja protini, zikiwemo za maziwa. Ukinywa papo hapo husikii kitu. Ukiiacha kwa muda wa saa sita, kama mimi, unakunywa shubiri. Nanasi lisage na maji au na embe. Maziwa na mtindi wape ndizi na parachichi.

Lakini mimi wa kuambiwa sijui smuthi? Mimi?

Miaka mitatu iliyopita nilipimwa sukari kabla ya kula chochote, ikasoma 6.4, juu ya kawaida. Nesi akauliza nakunywa nini. Nikajibu kwa maringo kwamba soda niliacha zamani, nakunywa juisi ya matunda tu, tena natengeneza mwenyewe. Akataka kujua naitengenezaje. Nikamwambia: embe, maji, sukari vijiko vinne kwa glasi, halafu nachuja ilainike. Akanitazama kama mama anavyomtazama binti aliyeunguza maharage. "Nyuzinyuzi umetupa, sukari ukaongeza." Kwenye daladala nilinuna njia nzima. Nilijiona mtu wa afya, kumbe!

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile iliyomo kwenye juisi, ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Mimi glasi moja ilikuwa na vinne kabla hujahesabu embe lenyewe.

Siku hizo hizo chujio nikalihamishia kwenye chai. Ninachofanya sasa ni hiki: ndizi kisukari zikianza kupata madoadoa, namenya, nakata vipande, nagandisha. Hizo ndizo sukari yangu na ndizo barafu yangu, na smuthi inakuwa nzito bila kujaa maji. (Umeme ukikatika siku nzima, basi tunakula ndizi.) Naongeza mtindi kikombe kimoja, kijiko kikubwa cha unga wa ubuyu, nasaga. Ubuyu nausemea mimi: una uchachu na vitamini C, nasi tumezoea kuula uliopakwa rangi na sukari.

Akina mama wenzangu, usichuje. Usitie sukari, hata mgeni akikunja uso. Na ni glasi moja, siyo jagi. Tunda likishasagwa linashuka upesi, utajikuta umemeza ndizi tano ambazo kwa kutafuna usingezimaliza. Watoto wetu tunawazoesha utamu wenyewe, halafu tunalalamika hospitali.

Jana wifi kanitumia ujumbe: ile ya ndizi niliyompa Krismasi niliweka nini? Nimeusoma. Nitamjibu Ijumaa.