Kumnyima Mtu Kura Si Kumfunga

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: mgombea akituhumiwa kutenda uovu, mpiga kura angoje mahakama iseme au aamue mwenyewe? Mimi nasema asingoje. Lakini kuamua mwenyewe si kumeza kila sauti inayorushwa kwenye WhatsApp, na hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu huku Lamu jambo hili tunalo mkononi sasa hivi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Langoni. Sitataja jina la mtu wala wadi. Ni mwanamume anayetaka kura zetu za udiwani Agosti 2027, na huko nyuma alikuwa na sauti katika kamati ya basari. Mama mmoja anasema alipofuatilia fomu ya bintiye aliambiwa arudi jioni, peke yake, na hakufichwa kwamba anachotakiwa kutoa ni mwili wake. Hakurudi. Basari haikutoka. Mgombea anasema huo ni uongo mtupu, mama ametumwa na wapinzani. Mimi sikuwapo, sijui ukweli uko upande gani. Ninachokijua ni jinsi mji ulivyolipokea neno hili, na ndicho kinachoniuma.

Barazani utasikia maneno matatu. Ushahidi uko wapi? Mbona limezuka sasa, wakati wa siasa? Kama ni kweli, si aende mahakamani? Wanaoyasema si watu wabaya. Wengi wao nimewafundisha kusoma. Wanachoogopa ni kumdhulumu mtu, na wana haki ya kuogopa, kwani Lamu tumeona tuhuma inavyoweza kumzoa mtu. Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, gavana wetu wa kwanza, Issa Timamy, alikamatwa akafikishwa mahakamani kuhusiana na mauaji yale. Baadaye kesi ikaondolewa kwa kukosa ushahidi. Waliokuwa wamekwisha kumhukumu siku ya kwanza walimdhulumu. Mwaka 2022 watu wa Lamu walimrudisha ofisini kwa kura zao.

Basi sisemi tuamini tu. Ninachosema ni kwamba "tungoje mahakama" ni neno zuri lililopelekwa pasipo pake. Katiba, kifungu cha 50, inataka mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitike vinginevyo. Ulinzi huo amepewa mtu anayekabiliwa na serikali yenye polisi na jela. Mpiga kura hana jela. Asiyechaguliwa anarudi kwake, kwa mashua yake au duka lake, na haki zake zote anazo. Udiwani haukuwa wake hata aseme amenyang'anywa. Ni amana, na yeye ndiye aliyekuja kuiomba. Mzazi anayemtafutia mwanawe chuo cha Kurani, akisikia neno baya juu ya maalim, hangoji hukumu ya hakimu. Anauliza kwanza, na asiporidhika anampeleka mtoto kwingine, wala hakuna anayesema maalim yule amefungwa.

Halafu tuitazame hiyo mahakama tunayoambiwa tuingoje. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 99 kwa wabunge na cha 193 kwa wawakilishi wa wadi, inamzuia kugombea mtu aliyepatikana ametumia vibaya ofisi ya umma au amekiuka Sura ya Sita, ile ya uongozi na uadilifu. Lakini vifungu hivyo vinaongeza kwamba hazuiliwi hadi njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Ndiyo maana mwaka 2022 Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ilipoipelekea tume ya uchaguzi majina zaidi ya 200 ya wawaniaji wenye doa, wengi waliidhinishwa vilevile. Jirani zetu wa Mombasa waliliona kwa macho. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, na bunge la kaunti na Seneti zote zikipiga kura dhidi yake. Akaja Mombasa kuwania ugavana. Lililomaliza ubishi ni Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake ya kupinga kuondolewa tarehe 15 Julai 2022, na kura zilikuwa tarehe 9 Agosti. Ikiwa jambo lililokwisha kuamuliwa na mabunge mawili lilichukua muda wote huo, mama wa basari ataupata lini uamuzi wa mwisho, asiye na wakili wala nauli ya kwenda na kurudi?

Tena kuna jambo ambalo barazani halisemwi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 23, inamgusa mwenye mamlaka au ofisi ya umma anayemtaka mtu kimwili hali akijua hatakiwi, na inataja hata pale ambapo huduma anayostahili mwananchi inafanywa kuwa bei. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi laki moja, au vyote viwili. Lakini ili mtu ahukumiwe kwa kifungu hicho ni lazima awe ameendelea kumsumbua mwenzake. Ina maana mtu anaweza kumwambia mama wa watu neno lile mara moja, likawa kweli tupu, na mahakama ikamwachilia. Mahakama itakuwa imefanya kazi yake. Je, na mimi nimkabidhi basari za wadi nzima kwa kuwa alisema mara moja tu?

Fomu zenyewe nazijua, nimezijaza pamoja na wazazi wengi. Unaandika jina la mtoto, shule, karo inayodaiwa. Kisha unaandika taabu yako: mjane, au mume mgonjwa, au mtoto ni yatima, na kila taabu inataka mtu wa kuithibitisha. Mwalimu mkuu atie sahihi na muhuri wa shule. Chifu atie sahihi na muhuri wake. Imamu au kasisi naye athibitishe kuwa anaijua familia. Mjane wa Matondoni anayeishi kwa kusuka majamvi ataizungusha karatasi ile siku kadhaa, na karibu kila anapofika, aliyekaa nyuma ya meza ni mwanamume, naye amesimama. Baadaye fomu inaingia kwa kamati, na kuanzia hapo haioni tena. Hakuna wa kumweleza kwa nini mtoto wa jirani kapata na wake kakosa. Anayetaka kumdai mwanamke mwili wake mahali kama hapo hamwandikii barua wala hapigi muhuri. Anasema mlango ukiwa umerudishwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza ushahidi uko wapi, nami humuuliza: ulitaka ubaki wapi?

Lakini kukosa karatasi si kukosa cha kuuliza. Je, mama huyu alimweleza mtu siku ileile, dada yake au jirani, kabla siasa haijaanza? Yuko mwanamke mwingine, asiyejuana naye, mwenye habari inayofanana? Wenzake wa kamati wanasema nini kuhusu desturi ya kuwaita watu jioni? Orodha ya waliopata iliwahi kubandikwa ikasomwa na watu? Na mgombea mwenyewe amelijibu jambo, au amemtukana aliyelisema? Kwangu hili la mwisho ni zito. Mtu anaweza kusingiziwa akajibu kwa utulivu: siku hiyo nilikuwa mahali fulani, fomu ilikataliwa kwa sababu hii, kumbukumbu za kikao hizi hapa. Mpaka leo sijasikia jibu la namna hiyo. Nilichosikia ni kwamba mama yule ana mdomo na aliachwa na mumewe.

Jimbo la Alabama, Marekani, lilipatwa na jambo kama hili mwaka 2017, Roy Moore alipokuwa akiwania kiti cha Seneti. Novemba, gazeti la Washington Post lilichapisha maelezo ya wanawake waliojitaja kwa majina. Mmoja alisema alikuwa na miaka 14 na Moore 32 wakati alipomgusa isivyofaa, mwaka 1979. Moore alikana. Waandishi walikuwa wamewahoji watu wengi na kulinganisha habari moja na nyingine kabla ya kuchapa. Siku chache baadaye mwanamke mwingine akawaletea madai yake juu ya Moore. Nayo wakayachunguza, wakagundua ni ya uongo, yametengenezwa na kikundi kilichotaka kulitega gazeti, wakaandika hivyo hadharani. Hilo ndilo lililonivutia. Uchunguzi uliowapa nguvu wasema kweli ndio ulioufichua uongo. Moore hakuwa amehukumiwa na mahakama yoyote kwa madai hayo. Tarehe 12 Desemba wapiga kura, katika jimbo ambalo chama chake kilikuwa na nguvu kwa miaka mingi, wakamchagua mpinzani wake, Doug Jones, kwa tofauti ndogo.

Afrika Kusini nako mwaka 2006 mwanasiasa Jacob Zuma alisimama mahakamani kwa kesi ya ubakaji, na mahakama ikamwona hana hatia. Hukumu ni hukumu. Lakini nje ya mahakama watu walichoma picha za mlalamikaji, aliyejulikana kwa jina la Khwezi tu, na baada ya kesi alilazimika kuihama nchi yake akakimbilia Uholanzi. Miaka mitatu baadaye Zuma akawa rais. Yeyote anayeamini hukumu ile ilikuwa ya haki bado ana la kujibu kuhusu zile picha zilizochomwa.

Sisi picha tumekwisha kuanza. Mlango wa nyumba ya mama yule umepigwa picha ukarushwa kwenye makundi ya simu. Ni mlango wa kuchongwa, wenye ufa upande wa chini, na katika mji kama huu mlango unatosha, hauhitaji jina. Binti yake ameacha kupita njia ya Mkunguni. Anazunguka nyuma. Ofisi ya basari haikupigwa picha na mtu yeyote.

Wapo pia wanaotaka jambo hili lizimwe kwa heshima. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinijia akaniambia, "Mwalimu, hili lirudi kwa wazee. Karo ya binti italipwa, na neno life hapahapa. Msitirini mama wa watu." Nilimjibu kwa adabu kwamba hapo anayesitiriwa si mama. Kama alisema uongo, analipwa kwa nini? Kama alisema kweli, tunamnunua kwa kitu kilekile alichokwisha kunyimwa. Tumehimizwa kumsitiri mwenzetu, naam. Lakini Surat An-Nisaa, aya ya 148, inasema Mwenyezi Mungu hapendi uovu utangazwe, na hapohapo inamtoa aliyedhulumiwa. Yeye ana ruhusa ya kusema. Na Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Aya zote mbili ni zetu. Mtu asichukue moja kwa ajili ya mgombea akamfichia mama nyingine.

Kwa hiyo nawaambia wasomaji wenzangu wa pwani: msimngoje jaji akupigieni kura, na msimpigie kura wala kumnyima kwa sababu ya sauti ya dakika mbili isiyojulikana imetoka kwa nani. Ulizeni kwa majina, uso kwa uso. Aliyetendewa kama alivyosimulia mama huyu ajue kuwa namba 1195, ya msaada kwa waliotendewa ukatili wa kijinsia, hupigwa bure, na kwamba kituo cha polisi chenye dawati la jinsia hakina ruhusa ya kumrudisha akayamalize nyumbani. Atakayekwenda asiende peke yake, hasa anayetoka visiwa vya mbali kama Ndau au Kiwayu, ambako hata safari yenyewe inangoja maji.

Wanawake wa mtaa wetu tumemwandikia mgombea barua. Tumemwomba aje mbele yetu mchana, mlango ukiwa wazi, aje na orodha za basari za miaka aliyokuwa kwenye kamati, atueleze nani alikuwa akiwaita wazazi jioni na kwa nini. Mama yule hatutamtaka asimame tena ajieleze, kwa maana amekwisha kusema. Barua imefika, mpokeaji ametia sahihi, na jibu bado hatujapata. Akija nitamsikiliza hadi neno lake la mwisho, na akinionyesha kuwa amesingiziwa nitalisema hilo kwa sauti barazani na misikitini kwa wanawake. Asipokuja, kura yangu hapati.