RAM Ipo Tele, Mbona MySQL Inauawa Ukifomati Diski?

"Kaka, seva ina RAM ya GB 8 na zaidi ya nusu iko wazi, lakini nikianza kufomati diski ya TB 4, hifadhidata ya MySQL inakufa. Ninunue RAM nyingine?"

Mdogo wangu, usinunue. Ujumbe wako umenitonesha kidonda.

Kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi ilikuwa na seva ya namna hiyo hiyo, Linux ya biti 32, kerneli (kiini cha mfumo) 2.6.32. Amri ya kufomati, mkfs.ext4, ikifika pale penye "Writing inode tables", namba zinapanda kuelekea kama 30,000, mara zinasimama. Ukijaribu kuingia kwa mbali kwa SSH, kimya. Bosi akatangaza mbele ya watu kwamba nimeleta RAM feki ili nile cha juu. Mpaka leo sijaombwa radhi.

Jibu lilikuwa kwenye dmesg, yaani logi ya kerneli, mstari kwa mstari: sehemu ya RAM iitwayo HighMem ina nafasi kibao, sehemu ya Normal imekauka. Kwenye biti 32, kerneli kwa kawaida inazifikia moja kwa moja MB 896 za mwanzo tu; humo ndimo Normal ilimo, na RAM iliyobaki ndiyo HighMem. Na mkfs inapoandika kwenye diski, kache yake (data inayosubiri kumwagwa kwenye diski) hukaa humo humo kwenye MB 896. Ungeongeza RAM hadi GB 16, shida ingebaki pale pale.

Sasa piga hesabu. ext4 hutenga inodi (rekodi ya taarifa za faili) moja kwa kila baiti 16,384 za diski, na inodi moja ni baiti 256. Kwa TB 4 hiyo ni karibu GB 62 za majedwali matupu! Diski haiwezi kuyameza kwa kasi hiyo, kache inarundikana, kisha OOM, muuaji wa programu wa kerneli kumbukumbu ikiisha, inaingia kutafuta wa kuua. Hupenda kumwangukia mlaji mkubwa wa RAM, yaani MySQL isiyo na hatia, huku mkfs yenyewe ikiachwa hai.

Mimi niliandika MKE2FS_SYNC=10 mbele ya amri, ikawa inalazimika kumwaga data kwenye diski kila baada ya hatua chache. Ikachukua muda, lakini ikamaliza, na hakuna kilichouawa. Kama unahifadhi faili kubwa kama video, weka na -T largefile: inodi moja kwa kila MB 1, majedwali yanashuka hadi GB 1 hivi. Kuanzia kerneli 2.6.37 majedwali yanaweza kuandikwa taratibu baada ya kumaunti (kuiunganisha diski ili itumike), kwa hiyo ukiona diski inahangaika yenyewe wakati huo, iache.

Vijana, someni logi kabla ya kufungua pochi. Nasema tena, someni logi. Fundi asiyesoma logi atasingiziwa wizi na hatakuwa na cha kujitetea.

Wewe andika amri uname -m. Ikitoka i686, yaani biti 32, hela ya RAM itunze, panga siku ya kuhamia biti 64. Ikitoka x86_64, yaani biti 64 tayari, nitumie dmesg yote, maana hapo kisa ni kingine.