Majimaji si kila chenye maji

SWALI: Natafsiri kitabu cha sayansi cha shule. Kila nikikuta sifa inayohusu maji naandika "majimaji", na mhariri ananirudishia kazi. Nakosea wapi? Na mbona neno hili halipokei viambishi kama vivumishi vingine?

JIBU: Majimaji ni nomino maji iliyorudufishwa, kama ilivyo mchangamchanga au mafutamafuta. Kwa kuwa shina ni nomino, halichukui kiambishi cha upatanisho: uji majimaji, viazi majimaji. Ukitaka upatanisho uonekane, tumia -a unganifu: uji wa majimaji, viazi vya majimaji. Liandike neno moja. Katika Vita vya Majimaji (1905–1907) si sifa tena bali jina, lililotokana na maji ya dawa waliyopewa wapiganaji, basi lianze kwa herufi kubwa.

Kosa lako limo kwenye maana. Majimaji mara nyingi hubeba lawama: maji yamezidi kiasi kinachotakiwa. Mchuzi majimaji haukukolea. Anayeupenda atauita mwepesi. Linganisha rangi ya maji na rangi ya majimaji. Ya kwanza huchanganywa kwa maji badala ya mafuta. Ya pili imezimuliwa mno na itachuruzika ukutani. Mwanafunzi akisoma la pili mahali pa la kwanza, ataelewa kitu kingine kabisa.

Kitu chenye maji kidogo ndani yake ni -nyevu, na hicho hupatana: udongo mnyevu, hewa nyevu, kitambaa kinyevu. Kikilowa hadi ukikikamua kinatoa maji, ni chepechepe. Ardhi oevu, yaani ardhi inayotuamisha maji kama kinamasi, ni istilahi ya mazingira, iache ilivyo. Viishivyo ndani ya maji ni vya majini: mimea ya majini, wanyama wa majini. Hapo angalia muktadha, maana majini ni wingi wa jini pia. Kichwa kama "Maisha ya majini" kina utata; "Maisha ndani ya maji" hakina.

Katika sura ya afya, majimaji ni neno sahihi kabisa, tena huwa nomino ya ngeli ya YA-YA: kidonda kinatoa majimaji, majimaji hayo yananuka. Kuhara majimaji nako ni tofauti na kupata choo laini, na tofauti hiyo usiifute kwa kubadilisha maneno. Macho yaliyojaa machozi hayahitaji kivumishi: machozi yanalengalenga.