Meza ya Mgahawani Ina Wenyewe

Tangu mwaka 2021 ofisi yangu ni begi la mgongoni. Ninatunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, wengi wa hapa Dar na mmoja yuko London, na vitendea kazi vyangu ni kompyuta mpakato, chaja na daftari. Nyumbani Tabata kuna watoto wa dada yangu, kuna fundi wa jirani anayechomelea mageti tangu asubuhi, na kuna umeme unaoondoka bila kuaga. Kwa hiyo siku tatu au nne kwa wiki napanda daladala kwenda Mikocheni au Posta, natafuta mgahawa wenye kahawa nzuri, kiyoyozi na waifai, nakaa nafanya kazi. Naona vijana wengi wanaanza maisha haya. Nina ya kuwaambia, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilikaa vibaya, na hakuna aliyeniambia.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa Alhamisi. Nilifika saa tatu asubuhi nikachukua meza ya watu sita, maana ndiyo iliyokuwa karibu na soketi. Nikaagiza chai ya maziwa na sambusa mbili, nikatandaza risiti za mteja kuanzia pembe hii hadi ile. Ilipofika saa saba na nusu mgahawa ukajaa. Wakaingia mwanamume na mkewe, watoto wawili, na bibi aliyejitanda khanga, anatembelea fimbo. Wakasimama karibu na friji ya juisi. Mhudumu akaitazama meza yangu, akawatazama wao, akainamisha macho. Yule bibi akaegemea ukuta, fimbo kaishika kwa mikono yote miwili. Zikapita kama dakika kumi hivi. Mwanamume akamnong'oneza mkewe, wakatoka. Niliyaona yote, kisha nikarudisha macho kwenye kompyuta.

Wakati wa kulipa, saa tisa, bili yangu ilikuwa shilingi 7,000. Nikamuuliza yule dada mhudumu kwa nini hakuniambia nihame.

"Ningekuambiaje dada? Wewe mteja."

Alipoona nimeuliza kwa moyo akanieleza zaidi. Pale kila mhudumu hupangiwa meza zake, na yeye siku ile alikuwa na nne. Ile kubwa ndiyo inayoleta familia, na familia ndiyo inayoagiza samaki, juisi na soda, na mara nyingi ndiyo inayoacha chochote mezani. Niliikalia kwa muda wa saa sita kwa chai moja. Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliyasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda Mwenge.

Nilirudi nyumbani na aibu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba adabu hizi nilikuwa nazo tangu utotoni. Baba yangu mkubwa alikuwa na kijiwe chake cha kahawa Magomeni, na mimi nilikuwa natumwa kwenda kumwita. Nikifika napewa kashata, nasimama pembeni namsubiri amalize maongezi. Muuza kahawa anaweka dele lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo vinagongana mkononi mwake. Anayekuja anawasalimia wote waliokaa, hata kama anamjua mmoja tu. Mtu mzima akitokea, kijana ananyanyuka kwenye benchi kabla hajaambiwa. Aliyemaliza kikombe na bado ana maneno anaagiza kingine, au anawaagizia wenzake. Aliyemaliza na hana la kuongeza anaaga, anampisha mwingine. Kanuni hizo hazikuandikwa ukutani na kila mtu alizijua. Mgahawa wa Mikocheni wenye kapuchino ya shilingi elfu kadhaa ni kijiwe kilekile, tofauti ni kwamba umewekewa vioo.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Nikifika, kabla sijatoa kompyuta kwenye begi, nauliza: "Dada, nina kazi kidogo, nikae wapi nisiwasumbue, na mpaka saa ngapi?" Swali hilo moja limenisaidia kuliko lolote. Mara nyingi naonyeshwa meza ya watu wawili, na naambiwa wazi kwamba saa saba mchana wanajaa. Mhudumu ambaye asingethubutu kukuhamisha baadaye anapata nafasi ya kusema mapema, tena bila kuonekana amekosa heshima kwa mteja. Naagiza kitu kila baada ya saa moja na nusu hivi, na nikikaa mpaka mchana nakula chakula cha mchana palepale. Asiyeweza kumudu hivyo asione haya, afupishe muda. Mimi pia nilikuwa na miezi ambayo mfukoni mlikuwa na nauli na chai moja tu. Siku hizo nilikuwa nakaa saa mbili za asubuhi wakati mgahawa haujajaa watu, kisha naondoka. Usije na maandazi ya barabarani ukayalia chini ya meza. Hilo halihitaji maelezo.

Kati ya saa saba na saa tisa mchana, kama huli chakula, toka. Kwa wenye wateja Ulaya hapa kuna mtego. Mteja wangu wa London anapenda kikao saa tatu asubuhi kwa saa za kwao. Wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwangu ni saa sita mchana, na kikao kikirefuka tu kinaangukia katikati ya wali na maharage ya watu. Wakati wa kiangazi chao tofauti inakuwa saa mbili, inakuwa saa tano, afadhali kidogo. Nilimweleza tu kwamba saa hiyo kwetu ni ya chakula, tukasogeza. Alikuwa hajui. Wengi wetu tunaogopa kumwambia mteja wa nje jambo dogo kama hilo, halafu mzigo tunaubebesha wahudumu.

Sasa simu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa langu la pili lilikuwa zito kuliko la meza.

Nilikuwa kwenye mgahawa mmoja wa katikati ya mji, hedifoni masikioni, naongea na mteja mwenye duka la vipuri. Mtu aliyevaa hedifoni hasikii vizuri sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hupaza bila kujua. Nikataja jina la duka, nikataja deni analodaiwa na msambazaji, nikataja na mwezi alioshindwa kulipa kodi ya pango. Nilipokata simu, mzee mmoja wa meza ya pili akaniinamia akasema kwa upole, "Mwanangu, huyo ni jirani yangu pale dukani." Nilihisi mwili umekufa ganzi. Yule mzee alikuwa mstaarabu na neno halikutoka. Lakini nililazimika kumpigia mteja wangu siku ileile, nikamweleza nilichofanya na kumwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Ilichukua miezi kabla ya kuniletea tena taarifa zake za benki bila wasiwasi.

Zaidi ya aibu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na sisi tunaoshika taarifa za watu tumo ndani yake. Mambo ya mshahara, ugonjwa, deni na namba za akaunti hayaongelewi mgahawani. Nikipigiwa ghafla nasema, "Niko mbele za watu, nikupigie baada ya nusu saa," na mpaka leo hakuna aliyekasirika. Simu fupi nasimama naongelea nje, barazani. Kikao kirefu cha video nafanyia nyumbani usiku fundi akishalala, au nakodi chumba kwa siku kwenye zile ofisi za kushirikiana. Ikibidi kabisa kufungua kamera mgahawani, naupa ukuta mgongo, nisimwonyeshe mtu na mwanawe wanakula kwa watu wasiowajua. Na video yoyote ya simu bila hedifoni, hata ya sekunde kumi, ni kuwatwisha wengine kelele zako.

Lipo jambo linaloniumiza kulitazama kuliko hayo yote: mtu anakuja kusalimia meza na anajibiwa kwa kidole. Mhudumu ni binti wa miaka ishirini, amelelewa vizuri, anasema "Shikamoo, karibu," na mteja aliyevaa hedifoni ananyanyua mkono kumnyamazisha, macho kwenye kompyuta. Binti anabaki amesimama na menyu. Nimeliona hili mara nyingi na wanaofanya ni watu ambao kwao, mbele ya mama zao, wasingethubutu. Kikao cha mtandaoni hakivunjiki kwa sekunde tatu. Vua hedifoni upande mmoja, mtazame, sema "Marahaba mwanangu, nipe dakika tano." Kama unaongea, hata kuinamisha kichwa na mkono kifuani kunatosha. Aliye mbele yako ni mtu, ametoka Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri ili wewe ukute meza safi.

Umeme na mtandao vina adabu zake pia. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa megawati 235 wa Bwawa la Nyerere kuanza kuzalisha mwezi Februari, migahawa yenye jenereta ilifurika sisi wenye kompyuta. Jenereta inakunywa dizeli. Siku kama hizo nachaji kompyuta peke yake, siongezi simu mbili na betri ya akiba, na ikijaa nachomoa nampa mwingine soketi. Waya haupiti njiani. Mhudumu amebeba sinia la chai ya moto, haoni miguu yake.

Kuhusu waifai, kikao cha video cha saa moja kinaweza kula zaidi ya gigabaiti moja, na mtandao ule ni wa wote waliokaa pale. Mafaili makubwa nayapakua nyumbani, na siku zote natembea na bando langu. Nakumbuka Jumatatu ya Mei 13, 2024, siku moja baada ya nyaya za baharini kukatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ya nchi nzima kuzorota. Nilimwona mteja mmoja akimfokea kijana wa kaunta kwa robo saa, anadai arudishiwe pesa ya kahawa kwa sababu barua pepe haziendi. Kijana alikuwa anasema "samahani kaka" tu. Waya uliokatika uko chini ya bahari, yeye angeufanya nini? Wateja wawili tukanyanyuka tukamwambia yule kaka kwamba hata simu zetu zina shida ileile. Akanyamaza. Ukiona mhudumu anaonewa, sema kitu, maana mwenyewe kazi yake inamfunga mdomo.

Mwezi wa Ramadhani, kwa migahawa inayofungua mchana, kumbuka kwamba anayekumiminia kahawa huenda amefunga. Agiza vyote mara moja, usimpe safari tano za sukari, maji, kijiko. Na magharibi ikikaribia usiagize kitu kipya. Mwache afuturu, ale tende yake akiwa amekaa.

Bakshishi: ukilipa kwa lipa namba, pesa inaingia kwa mwenye mgahawa. Nilidhani kwa muda mrefu kwamba ile elfu moja niliyoongeza juu inamfikia dada, kumbe haifiki. Sasa natembea na noti, namkabidhi mkononi na kumshukuru kwa jina lake. Nikikaa muda mrefu naongeza, kwa sababu nimeikalia meza yake.

Bado naenda kwenye ule mgahawa wa siku ya Alhamisi. Wiki iliyopita nilifika saa tatu kasoro, nikakuta yule dada ameshanitengea meza ya watu wawili karibu na nguzo, kiti kimesogezwa ili waya wa chaja upite nyuma yake. Meza ya watu sita ilikuwa tupu, imefutwa, chumvi na pilipili katikati. Nikaagiza chai ya tangawizi, nikamuuliza hali ya mwanawe aliyekuwa na homa. Akasema amepona, Jumatatu amerudi shule.