Baba anakwenda kazini Jumanne na Alhamisi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kumpeleka mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau kwenye kituo cha kutwa ni kumsaidia, au ni kumtwisha mwingine mzigo wako? Mimi nimempeleka baba yangu kwenye vituo viwili. Cha kwanza kilikuwa kutwishana mzigo, tena bila haya. Cha pili sivyo. Kwa hiyo siwezi kuwajibu kwa ndiyo au hapana. Inategemea wanafanya nini mle ndani tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Baba alikuwa fundi cherehani kwa miaka 40. Demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, haikuanza na majina ya watoto wala wajukuu. Ilianza na mpangilio wa kazi: alikata mikono ya shati kabla ya kupima, akamkabidhi mteja suruali ya mtu mwingine na kumbishia kwamba ni yake. Daktari alisema ni Alzheimer, aina ambayo ni asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote. Dawa za kupunguza makali zipo, ya kuponya haipo. Ukishaambiwa hivyo, kinachobaki mikononi mwako ni siku moja moja: leo ataamkaje, na atashindaje.

Kwenye kituo cha kwanza viti vilipangwa kuzunguka ukuta, televisheni ikijisemea yenyewe, wazee wakisinzia. Mhudumu alimwita baba "mtoto mzuri" na kumpigia makofi alipomaliza kunywa maji. Hakuwa mtu mbaya yule dada. Alikuwa na wazee wengi na mikono miwili. Baba alirudi kimya, akakaa kitandani na viatu mguuni mpaka usiku.

Mwingereza mmoja, Tom Kitwood, aliandika sana kuhusu demensia katika miaka ya 1990. Alitaja mambo madogo madogo yanayomwondolea mgonjwa utu wake kabla ugonjwa wenyewe haujafika huko: kumfanya mtoto, kumharakisha, kumsema mbele yake kana kwamba hayupo, kumfanyia analoliweza. Nilipoyasoma nilikiona kile chumba. Nikajiona na mimi pia, maana kila asubuhi nilikuwa nikimfunga baba vifungo vya shati, ili tusichelewe.

Kituo cha pili walitaka nikae nao saa nzima kabla ya kumpokea. Habari za dawa zilichukua dakika tano. Muda uliobaki waliuliza alipenda kuitwaje kazini, nini humkasirisha, anapendelea kukaa dirishani au karibu na mlango, akitaka chooni huonyeshaje. Siku ya kwanza nilishinda naye. Mhudumu aliweka mezani vipande vya kitambaa, hakusema neno, akaanza kukunja vya kwake. Baba akatazama. Kisha akachukua kimoja, akapitisha ukingo wake kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, akakivuta pembe kwa pembe.

"Hiki kimekatwa mshazari," akasema. "Kitavutika."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza iliyokamilika kwa siku tatu. Mhudumu hakumpigia makofi. Alimuuliza, "Basi tukiweke wapi, fundi?"

Walinieleza baadaye kwamba kumbukumbu ya stadi za mikono hukaa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya matukio. Baba hajui kama amekula asubuhi, lakini ukimpa kitambaa anajua pindo linaanzia wapi. Nyumbani tulikuwa tumemficha mkasi, sindano na hata kastabini, kwa usalama wake. Hatukumpa kitu kingine cha kushika.

Msidhani mambo yalinyooka hapo hapo. Wiki tatu za mwanzo aligoma mlangoni, na mara mbili tulirudi naye nyumbani. Tukaanza na nusu siku, tukashika siku zile zile, Jumanne na Alhamisi, na kumrudisha mapema, maana jua likielekea kuzama anahangaika, anataka "kwenda kwao" hata akiwa kwao. Asubuhi moja aliniuliza kama anakwenda kazini. Nikasema ndiyo. Uongo? Labda. Ila yeye huenda na kufanya kazi, na mimi sikuona haja ya kumsahihisha.

Shangazi yangu aliniuliza usoni, "Umemtupa kaka yangu?" Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa. Shirika la Afya Duniani linasema ndugu na marafiki wanaowalea wagonjwa hawa hutumia kwa wastani saa 5 kwa siku. Kwangu zilikuwa nyingi zaidi, na sijahesabu usiku. Muuguzi alinipa hojaji ya Zarit, iliyotungwa mwaka 1980 kupima uzito anaoubeba mlezi. Ina maswali 22, na mojawapo linauliza kama huwa unapatwa na hasira ukiwa na mgonjwa wako. Mara ya kwanza nilijibu hapana. Baada ya miezi miwili ya kituo nikaijaza tena, na safari hiyo nilikuwa nimelala vya kutosha kusema kweli.

Kuna faida nyingine ambayo hakuna aliyeniambia. Jumanne moja walinipigia simu: baba amechanganyikiwa ghafla, hamjui hata mhudumu wake. Mimi ningesema ugonjwa umezidi. Wao wakasema Alzheimer haimshushi mtu hivyo kati ya Alhamisi na Jumanne, mpeleke kwa daktari leo leo. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Nyumbani, kwa kumwona kila saa, nilikuwa sioni.

Kwa anayetafuta kituo: nenda saa tano asubuhi, si saa ya sherehe wala ya chakula. Rangi za ukuta achana nazo. Tazama mikono ya wazee, ina kitu au imelala mapajani? Halafu msikilize mhudumu anavyomsemesha mzee asiyejibu.

Huu ni mwaka wa tatu. Baba hawezi tena kukunja. Wamemhamishia meza ndogo yenye watu wanne, anashinda akipapasa vitambaa, na maneno yamekwisha karibu yote. Alhamisi iliyopita nilifika kumchukua akanisogezea kipande na kunitazama, akingoja. Nikapitisha vidole ukingoni kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikamwambia kimekatwa mshazari. Akakichukua, akakiweka upande wa kushoto, peke yake.