Msomaji wa Ohio na Cadillac yenye kazi mbili

SWALI: Kaka, salaam. Naishi Columbus, Ohio, na nakusanya modeli za magari ya zamani. Ninazo Cadillac mbili za mwaka 1966, kipimo cha 1:18: moja ya wagonjwa, nyingine ya kubebea maiti. Bodi ni ileile. Sasa kuna muuzaji ana ya tatu, ina taa nyekundu juu na mapazia madirishani. Mke wangu anasema napigwa. Gari la namna hiyo lilikuwepo kweli?

JIBU: Mwambie shemeji atulie, lilikuwepo. Tena hapo ulipo ndipo kwao. Kampuni zilizojenga magari hayo zilikuwa huko: Superior walikuwa Lima, Miller-Meteor walikuwa Piqua, na S&S walikuwa Cincinnati; yote ni miji ya Ohio. Mafundi walichukua chesisi ndefu ya Cadillac wakaijengea bodi, na oda ya mteja ndiyo iliyoamua litoke la wagonjwa au la maiti. Kwa hiyo modeli zako mbili kufanana ni sahihi kabisa.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katika miji mingi midogo ya Marekani, hadi kuingia miaka ya 1970, mwenye gari la kumlaza mtu alikuwa mwenye kampuni ya mazishi. Umevunjika mguu usiku wa manane? Unampigia simu yeye. Asiyemudu magari mawili alinunua moja la kazi zote: taa ya paani ni ya kuchomoa, kiti cha mhudumu ni cha kukunja, na rola za sakafuni zinazotelezesha jeneza zinageuzwa chini ili machela ipate sakafu tambarare. Kesho yake asubuhi taa inatolewa, gari linaongoza msafara wa mazishi.

Lakini paa lake lilikuwa chini, na mhudumu alimhangaikia mgonjwa akiwa amejikunja. Mwaka 1974 serikali ya shirikisho ilitoa viwango vipya vya magari ya wagonjwa, na vani na malori yakashika kazi hiyo.

Basi nenda kwa muuzaji na tochi, uchungulie nyuma. Mapazia peke yake hayatoshi, maana yeyote anaweza kuyabandika. Tafuta rola na kiti cha kukunja. Kagua shina la taa: ukiona gundi imevuja au rangi imechubuka, taa hiyo imepandikizwa baadaye. Kisha igeuze modeli yenyewe, skrubu zenye vichwa vilivyokwaruzwa zinaonyesha imeshafunguliwa.

Ukiikuta safi, inunue. Kabatini usiiache isimame kwa tairi zake, maana tairi laini zikikaa muda mrefu juu ya plastiki huweza kushikana nayo. Weka kipande cha mbao chini ya chesisi, tairi zining'inie kidogo tu.